Mtafiti wa Afya na Kompyuta Aanzie kwenye Rejista

Vijana wengi wa Dodoma wanaotamani kazi ya utafiti inayounganisha sayansi ya afya na kompyuta huanza kwa kuuliza kuhusu akili mnemba: watumie programu ipi na wajifunzie wapi. Ushauri wangu ni kwamba waanzie zahanati, kwenye kitabu cha MTUHA, yaani rejista ya mfumo wa taarifa za huduma za afya.

Mhudumu huandika humo umri, makazi na ugonjwa wa kila anayetibiwa, kisha mwisho wa mwezi hujumlisha, na jumla hiyo huingizwa katika DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanya takwimu za afya, ambao chimbuko lake ni Chuo Kikuu cha Oslo. Mtoto wa miezi tisa akiandikwa "9" bila neno miezi, anayejumlisha atamweka katika kundi la wenye umri wa miaka mitano na zaidi, na baada ya hapo hakuna programu itakayomrudisha mahali pake, kwa kuwa kilichofika kwenye kompyuta ni jumla tu. Asiyewahi kuona foleni ya wajawazito na watoto ikimsubiri mhudumu mmoja atadhani kosa hilo ni la uzembe.

Wilaya ya Kongwa ina funzo jingine. Huko utafiti wa trakoma, yaani vikope, umefanyika kwa miongo kadhaa, na jaribio lililochapishwa mwaka 1995 lilionyesha kwamba kuhimiza usafi wa uso, pamoja na dawa ya macho kwa kijiji kizima, kulipunguza trakoma kali kwa watoto kuliko dawa peke yake. Mpimaji hupindua kope la juu na kutafuta vinundu vitano au zaidi, kila kimoja kikiwa na upana wa angalau nusu milimita. Ni kazi inayomvutia mtu wa kompyuta, maana picha zinaweza kufundishiwa mashine. Lakini wapimaji wawili wakitofautiana juu ya kope lile lile, mashine ifuate jibu la nani? Swali hilo halijibiwi na mwanakompyuta akiwa peke yake.

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinafundisha fani zote mbili, kwa hiyo umbali si kisingizio. Ningependa kila mwanafunzi wa uzamili anayeunganisha fani hizi awe na wasimamizi wawili, mmoja wao akiwa daktari au muuguzi anayeendelea kuhudumia wagonjwa (jina tu kwenye jalada la tasnifu halitoshi), na akae zahanati kwa majuma kadhaa kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa programu. Aisome pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayozihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kabla hajaomba nakala ya rejista yoyote. Kuondoa majina pekee hakutoshi: katika kijiji kidogo, umri, kitongoji na ugonjwa adimu vinatosha kumtambulisha mtu kwa jirani zake.