Kitabu cha picha huandikwa kwa kufuta

Ukisema unaandika vitabu vya picha vya watoto, wengi hudhani ni kazi ya jioni moja: sungura, fisi, ujanja kidogo, kwisha. Ndiyo maana tuna vitabu vingi ambavyo ungeweza kuvisoma redioni bila picha hata moja na msikilizaji asikose kitu. Mwandishi ametunga hadithi nzima, kisha mchoraji akaitwa kuja kuipamba. Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapoharibu.

Kazi hii huanzia kwenye karatasi yenyewe. Mtambo huchapa karatasi kubwa ambayo ikikunjwa hutoa kurasa 16. Mbili za namna hiyo ni kurasa 32, na hiyo ndiyo idadi iliyozoeleka zaidi kwa kitabu cha picha. Vyetu vingi ni vyembamba kuliko hapo, kurasa 16 au 24 zilizobanwa pini katikati, na kwa kitabu cha pini idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne. Peleka hadithi ya kurasa 18 uone: ama utaongezewa mbili tupu, ama mhariri atakukatia mbili uzipendazo.

Kwa hiyo kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, chukua karatasi nane za A4, zikunje katikati na uzipachike moja ndani ya nyingine. Una kurasa 32. Tatu za mwanzo zinakwenda kwenye jina la kitabu, haki miliki na taarifa za mchapishaji. Zinabaki jozi 14 za kurasa zinazotazamana, na mmoja wa mwisho peke yake. Jaza kwa penseli, jozi kwa jozi. Udhaifu utajitokeza wenyewe: jozi tatu mfululizo watu wamekaa barazani wanaongea. Mchoraji achore nini, midomo?

Tazama ukurasa huu, ambao ni wa kubuni lakini miswada ya aina yake ni mingi: “Asubuhi na mapema Zuhura aliamka, akavaa gauni lake jekundu, akachukua ndoo ya bluu, akaenda kisimani huku mbuzi akimfuata nyuma.” Asubuhi itaonekana kwenye rangi ya anga. Gauni litaonekana, na ndoo, na mbuzi pia. Futa vyote, ubakize: “Zuhura alikwenda kisimani. Alidhani yuko peke yake.” Sasa mtoto anamwona mbuzi ambaye Zuhura hamwoni, na atamnyooshea kidole kabla mama hajamaliza kusoma. Picha imesema jambo ambalo maneno yamelificha, na mtoto anajua kumzidi mhusika.

Kugeuza ukurasa nako ni sehemu ya hadithi. Kunafanya kazi ya ule muda kati ya “Kitendawili!” na “Tega!”. Swali, kelele au mlango unaofunguka uwe ukurasa wa kulia, chini. “Kumbe” isubiri upande wa pili. Ukiviweka vyote kwenye jozi moja, jicho la mtoto linafika kwenye picha ya jibu kabla hujafikisha sauti yako kwenye swali.

Halafu kuna hesabu ya maneno. Miongozo ya nje husema maneno 500 au pungufu, nasi tunaikariri. Kwa Kiswahili kipimo hicho kinadanganya, hasa kwa kitabu cha kujisomea. “Hatukumwogopa” ni neno moja lenye silabi sita, na mtoto wa darasa la kwanza anayesoma kwa silabi atakuwa amesahau “ha-” akifika “-pa”. Hesabu silabi. Isipokuwa kitabu kimekusudiwa kusomwa na mkubwa kwa sauti: hapo neno refu lenye mdundo ni raha tupu, liache.

Na funzo? Wachapishaji hulidai kwa sababu wanunuzi wakuu ni shule, na mara nyingi wanataka na maswali ya ufahamu mwishoni. Mimi naona maswali yakae kwenye mwongozo wa mwalimu. Ukurasa wa mwisho ni mali ya mbuzi.

Upande wa uchapaji mwandishi asijifanye haumhusu. Uso wa mhusika usikae kwenye mkunjo wa katikati, utamezwa. Picha izidi ukingo kwa milimita 3 kila upande, la sivyo kisu kikiyumba utapata mstari mweupe. Maandishi yawe meusi matupu, juu ya sehemu nyepesi ya picha, na pasiwe na maneno yaliyochorwa ndani yake, kama kibao cha duka. Sababu ni ya kifedha: toleo la Kinyarwanda au la Kiganda likitoka, mchapaji, ambaye kila rangi ina bamba lake la kuchapia, hubadilisha bamba la rangi nyeusi tu, na mengine matatu ya rangi yanabaki yaleyale. Kibao kimoja cha “Duka la Nyama” kilichopakwa rangi kinaweza kumlazimu mchoraji kurudi mezani.

Kuhusu pesa, soma mkataba kwa kikokotoo. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 6,000 za Tanzania na mrabaha, yaani malipo ya watunzi kwa kila nakala inayouzwa, ni asilimia 10, unaogawanywa nusu kwa nusu na mchoraji: wako ni 300 kwa nakala. Lakini mkataba ukisema asilimia 10 ya mapato halisi, na muuza duka amepewa punguzo la asilimia 40, hesabu inaanzia 3,600 na wako unakuwa 180. Kwa nakala 3,000 tofauti ni kati ya 900,000 na 540,000. Wapo wanaofanya kazi zote mbili, kama John Kilaka wa Sumbawanga na picha zake za mtindo wa Tingatinga, nao hawana wa kugawana naye. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza 1991, ulipunguza hofu ya wachapishaji kwa kununua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni. Mauzo ya jumla ya namna hiyo yawe na kifungu chake kwenye mkataba, kwa kiwango kilichoandikwa kwa tarakimu, na malipo ya mchoraji yatajwe hapohapo kabla hajashika brashi.