Uvimbe wa shingoni unaodunda: ukatwe sasa au uachwe uangaliwe?

Mama mdogo wangu wa Mbauda kakaa miaka mitatu na kauvimbe chini ya taya, hakaumi, anakafunika na mtandio na kila mtu anamwambia ni tezi tu hizo zitaisha. Zahanati moja hapa Arusha wakataka wamchome sindano siku hiyo hiyo wavute kinyama kikapimwe, ila nesi mmoja akaweka vidole akasema jamani hii kitu inadunda, na ukiisukuma inaenda kushoto kulia lakini juu na chini haiendi. Sindano ikasimama, akapewa rufaa ya hospitali ya KCMC Moshi, na CT skani ikaonyesha uvimbe umekaa pale pale mshipa mkubwa wa damu unapogawanyika, tawi moja likienda kwenye ubongo na lingine usoni. Uvimbe huu adimu unaitwa paraganglioma na umejaa damu, ndo maana picha inatangulia sindano.

Sasa familia imegawanyika. Wanaotaka akatwe wana hoja nzito, maana uvimbe unakua taratibu, mara nyingi kama milimita 1 hivi kwa mwaka, ila unavyozidi kuukumbatia mshipa ndivyo upasuaji unavyozidi kuwa mgumu. Toka 1971 daktari Shamblin na wenzake waliugawa makundi 3 kwa kigezo hicho: la 1 unabanduka bila shida sana, la 3 umeuzingira mshipa na pengine mshipa wenyewe ukatwe uungwe upya. Halafu kwa wachache uvimbe hugeuka kansa.

Wanaosema tuangalie nao siwezi kuwapuuza. Pale zinapita neva za sauti, za kumeza na za ulimi, mtu anaweza kuingia theatre haumwi popote akatoka sauti imekwaruza na maji yanampalia, wengine wanapata kiharusi. Kwa mzee wa miaka 75 mwenye presha mimi ningesema apigwe picha kila baada ya muda, na ukikua kuna mionzi ya kuuzuia.

Ila mama mdogo ana miaka 44 na wake uko kundi la 1. Kwa kweli naona akatwe sasa hivi, ukingali mdogo, na daktari wa mishipa ya damu awepo humo humo ndani.

Kingine, uvimbe huu unaweza kuwa wa kurithi. Mama yangu mzazi ni dada yake wa tumbo moja, nimeshamwomba na yeye akapimwe shingo pande zote mbili.