Mama Alitaka Kuona Taa

Mama alipotoka Kitui kuja kuniona nikirusha ndege, alikuwa na swali moja tu: "Nitakujuaje huko juu, na ndege zote zafanana?" Nikamwambia asimame karibu na ua wa Wilson, uwanja wa ndege wa Nairobi, atazame taa: bawa la kushoto nyekundu, la kulia kijani. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua la Januari linachoma. Lakini nilikuwa nimeshaahidi.

Ndege yenyewe ilikuwa Piper Arrow, ile ndogo inayokunja miguu ikishapaa. Kabla ya kutua unashusha mkono wenye kichwa cha umbo la gurudumu, unangoja kidogo, taa tatu za kijani zinawaka: mguu wa mbele, wa kushoto, wa kulia. Tulipokaribia uwanja nikawasha taa za mama. Kisha nikashusha magurudumu, nikayasikia yakitoka, nikatazama. Giza. Hakuna hata moja.

Mkufunzi wangu, kijana aliyenizidi miaka miwili na ndevu, akagonga kioo kwa kidole. Akachomoa balbu, akazibadilisha nafasi. Wapi! Tukaomba mnara wa kuongozea ndege ututazame, tukapita chini chini mbele yake. Ukajibu kwamba magurudumu yote matatu yanaonekana yametoka. Sawa, lakini kutoka si kujifunga, na mguu usiojifunga hukunjika kama goti la mlevi. Tukapanda tena, tukapunguza mwendo, tukaushika mkono wa dharura ulio kati ya viti, ule unaoachia presha ya hidroli ili magurudumu yaanguke kwa uzito wake. Yalikuwa yameshaanguka zamani. Yangeanguka wapi tena? Nikaanza kusali kwa Kikamba. Kiingereza cha redioni kilikuwa kimeniishia.

Chini, gari la zimamoto likatoka, likajipanga kando ya njia.

Ndipo mnara ukatuletea swali kutoka kwa fundi mmoja mzee wa karakana yetu, aliyekuwa amepigiwa simu akinywa chai: je, taa za mabawa zimewashwa?

Mkufunzi akanitazama. Mimi nikaitazama swichi. Kumbe kwenye Arrow, ukiwasha taa za mabawa, zile tatu za kijani hufifia zenyewe zisimuumize rubani macho usiku. Mchana wa jua kali huoni kitu. Nikazima. Zikang'aa zote tatu, kijani kama sukuma iliyonyeshewa.

Tukatua vizuri tu. Mkufunzi hakutamka neno mpaka injini ikanyamaza. "Hiyo iko kwenye kitabu cha ndege," akasema. Halafu akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyenipa hicho kitabu, akashuka.

Mama alikuwa uani anapunga leso.

"Taa sikuziona, mwanangu," akasema akinikumbatia, "lakini nilijua tu ni wewe. Wenzako wote wameshuka kimya kimya. Wewe wametoa mpaka gari jekundu lije likupokee!"