Fadlu na tuhuma ya woga: dakika 14 za Berkane na 166 zilizofuata

Tangu kocha Fadlu Davids aondoke Simba, pale Msimbazi, Septemba 2025 na kurudi Raja Casablanca, kuna neno moja linalorudiwa kila jina lake linapotajwa: mwoga. Wanaolitumia wanamaanisha mambo mawili. La kwanza, kwamba Simba yake ilijaza wakabaji, viungo wawili wa chini waliogandana mbele ya mabeki wanne. La pili, kwamba ikishapata mpira haikuwa na la kufanya zaidi ya kumtafuta kiungo mshambuliaji Jean Charles Ahoua na kuomba faulo karibu na boksi. Nimelisikia vijiweni na redioni, na wengi wanaolisema ni watu wanaoujua mpira. Kwa hiyo hoja yao naiweka mezani kwanza, nzima, kabla sijaeleza kwa nini naona wameipiga timu ile mahali pasipo na kidonda.

Chukua safari za Kombe la Shirikisho Afrika 2024/25. Kuanzia Tripoli hadi Berkane ya Morocco, Simba ilicheza mechi saba ugenini na ikafunga mabao matatu tu: moja Constantine, moja Sfax, moja Luanda. Kuanzia robo fainali hata hayo yakakauka. Misri dhidi ya Al Masry hakuna bao, Durban dhidi ya Stellenbosch hakuna, Berkane hakuna. Timu isiyofunga ugenini inajibebesha mzigo wa kumaliza kila kitu nyumbani, na siku moja nyumbani hapatoshi.

Halafu kuna Dabi ya Kariakoo, na hapo ndipo wanaponikamata vizuri zaidi. Fadlu aliiongoza Simba mara nne dhidi ya Yanga: nusu fainali ya Ngao ya Jamii Agosti 2024, ligi Oktoba 2024, ligi Juni 2025, na Ngao tena Septemba 2025. Zote alipoteza. Simba ilifungwa mabao matano na yenyewe haikupata hata moja. Dakika 360 bila kuzigusa nyavu za mtani. Ile ya Juni 25 ndiyo inayouma kuliko zote, kwa sababu Yanga ilikuwa na pointi 79 na Simba 78, na mshindi ndiye angechukua ubingwa. Simba ilihitaji kushinda, ikafungwa 2-0. Takwimu hiyo haina wakili, na mimi sitajipa kazi ya kuitetea.

Ila nataka tuangalie kwa utulivu timu ile ilikuwa inacheza nini hasa, maana hesabu inayofanywa na wengi ni ya upande mmoja.

Fadlu alipendelea namba sita wawili, yaani viungo wakabaji. Mara nyingi Yusuph Kagoma na Fabrice Ngoma, wakati mwingine Debora Fernandes au Augustine Okejepha akiingia katikati yao. Mtu akiwaona wawili wanasimama pale anasema basi, huyu amekuja kujilinda. Sasa usiangalie pale walipo wao. Angalia walipo Shomari Kapombe na Mohamed Hussein "Tshabalala" mpira unapofika katikati ya uwanja. Kapombe ameshapanda hadi usawa wa winga wa kulia, Tshabalala kushoto yuko juu vilevile, na mawinga wa pembeni, Kibu Denis na Elie Mpanzu, wameingia ndani kumsogelea Ahoua na namba tisa. Ukihesabu, Simba ina watu sita mbele ya mpira. Nyuma wamebaki mabeki wawili wa kati na wale wakata umeme wawili. Wale wawili hawakuwekwa pale kwa sababu kocha aliogopa. Waliwekwa ili mabeki wote wawili wa pembeni waruhusiwe kuondoka kwa wakati mmoja, jambo ambalo makocha wengi hawathubutu. Mtoe mmoja wao umuingize mshambuliaji wa pili, kama wengi walivyodai, na siku hiyohiyo itabidi umwambie Kapombe abaki nyumbani. Unapata mtu mmoja mbele, unampoteza mwingine, na huyo unayempoteza ndiye mwenye krosi.

Ndiyo maana timu hiyohiyo, kwa mpango huohuo, ilikuwa moto ikiwa nyumbani. Mechi saba za nyumbani za kampeni ile: ushindi mara sita, sare moja, mabao 12 ya kufunga na matatu ya kufungwa. Dhidi ya Sfaxien ilitanguliwa kufungwa, ikashinda 2-1 kwa mabao mawili ya Kibu, la pili likiingia dakika za nyongeza watu wakiwa wamesimama hawana sauti tena. Dhidi ya Al Masry iliingia uwanjani ikidaiwa mabao mawili, ikayalipa yote mawili, kisha Moussa Camara akaimaliza kazi kwenye penalti na matokeo yakawa 4-1. Kwenye ligi, kati ya mechi 30 ilipoteza mbili tu, zote kwa Yanga, baada ya kumaliza ya tatu msimu uliotangulia. Kikosi kilikuwa kipya karibu nusu yake, wengi wakiwa vijana waliokutana Julai 2024. Woga hauleti hayo.

Sasa nije Berkane, kwa sababu mjadala wote unaishia pale.

Mei 17, 2025, mkondo wa kwanza wa fainali. Dakika ya 8, bao. Dakika ya 14, bao la pili. Nilikuwa kwenye kibanda umiza, mabenchi yamejaa mpaka mlangoni, na kijana aliyekaa mbele yangu, jezi nyekundu, alikuwa bado hajamaliza kufungua mfuko wake wa karanga bao la pili lilipoingia. Aliukunja akauweka mfukoni. Hakuna aliyezungumza. Kuanzia usiku ule ndipo hukumu ya "alikwenda kujilinda akafungwa" ilipoandikwa, na haijafutwa mpaka leo.

Lakini zitazame dakika zenyewe. Fainali ya mikondo miwili ina dakika 180 ukiacha za nyongeza. Berkane walifunga mawili katika 14 za kwanza. Katika 166 zilizobaki, huko Morocco na hapa Zanzibar, matokeo ni 1-1, na bao lao hilo moja lilikuja dakika za nyongeza za mchezo wa marudiano. Hawa si timu ya kubahatisha. Walishalibeba kombe hilohilo mwaka 2020 na 2022. Wakiwa kwao, mashabiki wao nyuma, wanaongoza mawili, walikuwa na dakika 76 za kutafuta la tatu la kuimaliza fainali kabisa. Hawakulipata. Kama ukuta wa Fadlu ungekuwa mbovu, Simba ingerudi na manne.

Rudi nyuma kidogo hadi Constantine, Desemba 2024. Simba inatangulia kwa bao la Tshabalala, inakwenda mapumziko inaongoza. Inarudi, na katika dakika chache za mwanzo wa kipindi cha pili inafungwa mawili, mechi inaisha 2-1. Mfano ni uleule. Timu imekaa vizuri muda mrefu, kisha inaanguka ndani ya dakika tano au sita, mara zote pale mpira unapoanzishwa, mwenyeji akiwa ametoka na kasi yote na uwanja unapiga kelele. Mabao manne kati ya saba iliyofungwa ugenini msimu ule yalipatikana katika vipindi viwili vifupi vya namna hiyo.

Hili ndilo linalonifanya nisikubaliane na neno woga. Ugonjwa wa idadi ya wakabaji ungeonekana dakika ya 30, ya 55, ya 70, timu ikizidi kurudi nyuma na kuchoka. Huu haukuonekana hivyo. Ulionekana pale timu ilipotakiwa kuutuliza mpira chini ya presha, kuushika dakika mbili tatu, kumchosha mwenyeji kwa pasi mpaka kelele zishuke. Simba ya Fadlu haikuwa na mtu wa kazi hiyo. Kagoma anaunyang'anya mpira vizuri, Ngoma ana mwili na ana hewa, ila wote wawili wakipokea mgongo ukiwa umeelekea lango la adui na mtu yuko shingoni, wanautoa haraka na mara nyingi unarudi. Lawama ya kweli kwa Fadlu iko hapa. Alikuwa na miezi 10 ya kuliona, alishaliona Constantine, na bado aliingia Berkane akiwa hana namna ya kuipita robo saa ya kwanza.

Na kwa maoni yangu, hilohilo ndilo lililomwangusha kwenye dabi. Yanga ilijua kwamba ukiwabana wale namba sita wawili wakiwa wanapokea, Ahoua anakuwa kisiwa. Mpira haumfikii, au unamfikia akiwa amezungukwa. Hapo wanaosema Simba ilimtegemea mtu mmoja wako sahihi. Alimaliza ligi akiwa mfungaji bora kwa mabao 16, na ndiye aliyepiga faulo iliyoiua Stellenbosch mwishoni mwa kipindi cha kwanza pale Uwanja wa Amaan, Zanzibar, bao pekee la nusu fainali nzima. Timu inayopata bao la kuipeleka fainali kwa mpira uliokufa haina la kuona aibu; mazoezi ya faulo ni mazoezi. Ila Ahoua akishabanwa, njia ya pili haikuwepo, na kocha hakuitengeneza.

Kuna jambo la kizamani linalonirudia kila nikiwaza fainali hii. Mwaka 1993 Simba ilicheza fainali ya Kombe la CAF na Stella ya Abidjan, klabu ileile Ahoua aliyotoka kuja Msimbazi miaka 31 baadaye. Kule Abidjan Simba ilijilinda ikatoka 0-0, na nchi nzima ikawaita mashujaa. Wiki ya marudiano ikafungwa 2-0 Dar es Salaam. Wazee wanaosimulia fainali ile hawajawahi kukiita kikosi cha 1993 kikosi cha waoga, ingawa kilijilinda ugenini kuliko hiki.

Mei 25, 2025, Amaan, marudiano na Berkane. Mchezo ulikuwa umehamishwa kutoka Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, kwa hiyo badala ya watu 60,000 kulikuwa na sehemu ndogo tu ya hao. Dakika ya 17 Joshua Mutale anafunga, inahitajika moja tu kusawazisha. Mapema kipindi cha pili Kagoma anatolewa kwa kadi nyekundu. Hapa ndipo kocha mwoga anaposhusha watu, anamwingiza beki, anatafuta kufa kwa heshima. Simba haikushuka. Kapombe aliendelea kupanda. Steven Mukwala akaziona nyavu, uwanja ukalipuka, VAR ikalifuta bao. Wakaanza upya, watu 10, wakiwa bado wanaisukuma Berkane kwenye boksi lao. Bao la Soumaïla Sidibé dakika ya tatu ya nyongeza liliwakuta wakitafuta la pili.