Samaki Mmoja Hakuliozesha Jeshi Zima

Sijui jeshi lililodhulumiwa jina katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia kuliko Jeshi la Pili la Mashambulizi la Umoja wa Kisovieti. Likitajwa tu, wengi humkumbuka kamanda wake, Jenerali Andrei Vlasov, aliyekamatwa na Wajerumani Julai 1942 kisha akakubali kuwatumikia, na walionusurika wakaishi miaka mingi wakiitwa watu wa Vlasov, kana kwamba methali ya samaki mmoja akioza ilitungwa kwa ajili yao.

Tarehe zenyewe zinaikataa hukumu hiyo. Jeshi hilo lilivuka Mto Volkhov Januari 1942 likielekea kuiokoa Leningrad iliyozingirwa, na likapenya katika ngome za adui karibu na kijiji cha Myasnoi Bor chini ya Jenerali Klykov. Vlasov alikabidhiwa uongozi mwezi Aprili, Klykov alipougua, wakati ambapo wanajeshi walikwisha kuzama ndani kabisa ya kinamasi, nyuma yao pakiwa na ushoroba mwembamba ambao Wajerumani waliwahi kuukata mwezi Machi. Lawama kubwa, kwa maoni yangu, ni ya wakubwa wa Moscow, waliochelewesha amri ya kurudi nyuma hadi theluji ilipoyeyuka na barabara zikageuka tope.

Humo kinamasini askari walitandika magogo ili magari yapite, wakajenga na kijireli chembamba cha kuleta risasi na kutoa majeruhi. Chakula kilipokwisha walifukua mizoga ya farasi waliokufa wakati wa baridi, wakaila. Mwishoni mwa Juni maelfu walijaribu kutoka kupitia ushoroba ule huku wakipigwa risasi kutoka pande zote mbili, na wengi hawakufika.

Miongoni mwao alikuwamo mshairi wa Kitatari, Musa Jalil, mwandishi wa gazeti la jeshi hilo, aliyetekwa akiwa amejeruhiwa. Akiwa kifungoni aliandika mashairi kwa siri na kushiriki njama dhidi ya Wajerumani, nao wakamuua Berlin mnamo 25 Agosti 1944. Hata yeye alishukiwa usaliti nchini mwake baada ya vita, mpaka mashairi yake yalipofika nyumbani yakamtetea.

Jeshi hilo liliundwa upya, na tarehe 18 Januari 1943 lilikutana na Jeshi la 67, nalo la Kisovieti, na kuuvunja mzingiro wa Leningrad. Wapenzi wa ile methali huwa hawafiki ukurasa huu.

Huko Myasnoi Bor watu wa kujitolea wamekuwa wakifukua mifupa kwa miongo kadhaa, wakitafuta kila mara kichupa kidogo cheusi ambacho askari alipewa atie karatasi yenye jina lake. Vingi hukutwa vitupu, kwa kuwa baadhi ya askari waliamini kwamba kuijaza karatasi ile ni kujiitia kifo.