Naitrojeni Si Gesi Isiyo na Kazi

Wiki iliyopita, nikiwa Newala, mpwa wangu wa darasa la tano aliniletea daftari lake la sayansi nimsaidie kujisomea. Alikuwa ameandika kwamba hewa ni oksijeni, na sentensi hiyo imewekewa alama ya vema kwa wino mwekundu. Chini yake naitrojeni imetajwa mara moja tu, nayo ikaitwa gesi isiyo na kazi. Jambo hilo limeniuma.

Katika kila sehemu 100 za hewa kavu, 78 ni naitrojeni na 21 ni oksijeni. Agoni inakaribia sehemu moja, na hewa ya ukaa haifiki hata nusu ya moja ya kumi ya sehemu moja. Nakubali kwamba bila oksijeni hatufikishi robo saa, na simlaumu anayeitaja kwanza. Lakini kuiita peke yake kuwa ndiyo hewa ni kumnyima mtoto zaidi ya robo tatu ya anachokivuta kila siku.

Kweli, mapafu yetu huitoa naitrojeni kama yalivyoipokea. Kazi yake iko shambani. Nilimpeleka binti huyo kwa bibi yake, ambako mbaazi zimesimama katikati ya mahindi, tukang'oa mche mmoja taratibu na kuisuuza mizizi. Ilikuwa imejaa vinundu vidogo kama punje za mtama. Nilipopasua kimoja kwa ukucha, ndani kilikuwa na wekundu wa waridi, dalili kwamba bakteria waliomo wanafanya kazi ya kuichukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa lishe ya mmea, huku mmea ukiwalipa kwa sukari. "Mjomba, kumbe mbaazi inakula hewa?" aliuliza. Bibi yake, ambaye hakusomea kemia, alisema kwamba ndiyo maana mahindi hayamwangushi pale zilipotangulia mbaazi.

Sisi wa Mtwara tukisikia neno gesi, akili hukimbilia Mnazi Bay, inakochimbwa gesi asilia. Basi tujue pia kwamba gesi asilia ya aina hiyo ndiyo inayotumika katika viwanda vingi duniani kupata haidrojeni ya kuunganishwa na naitrojeni ya hewani ili kutengeneza mbolea. Kazi hiyo ilianza kufanywa kiwandani mwaka 1913 huko Oppau, Ujerumani, nayo inahitaji joto la nyuzi zaidi ya 400 na mgandamizo mkubwa mno, kwa sababu atomi mbili za naitrojeni zimeshikana kwa nguvu isiyo ya kawaida. Asilimia 46 ya mfuko wa urea, ambao mkulima wetu anaununua kwa jasho, ni naitrojeni. Mche wa mbaazi unaipata hapo hapo ulipo, katika udongo wa kawaida.

Shule yao haina maabara, na hilo si kosa la mwalimu. Ila nyuma ya madarasa kuna shamba la mbaazi, na kabla mvua hazijakatika vinundu bado vinaonekana. Nimemwomba awatoe watoto nje kipindi kimoja tu, kila mmoja apasue chake kwa ukucha.