Muulize mpiga kafi amesikia nini

Jioni ya siku ya tano tulirudi Lake One, ziwa la kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, mimi na shemeji yangu aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Mabega yalikuwa yamekaza, shingo zimevimba kwa mbu na usubi, na mtumbwi bado hatujaufunga juu ya gari. Binti mmoja akatujia na ubao wa kuandikia. Akajitambulisha kuwa anasaidia utafiti kuhusu wageni wa msitu, akatuomba dakika kumi. Nikampa kwa moyo mmoja. Naamini kabisa kwamba msitu unaotunzwa kwa kodi za watu, watu hao wana haki ya kuulizwa wanautakia nini.

Swali lililonikwamisha lilikuwa jepesi: kwa siku mlikutana na makundi mangapi? Nikaandika manne, maana siku iliyokuwa na watu wengi kuliko zote tuliona manne. Lakini kundi lililoniharibia usiku sikuliona kabisa. Usiku wa pili, ng'ambo ya maji, nyuma ya kisiwa, watu walikuwa wakipiga muziki kwenye spika ndogo. Ziwa likishatulia usiku, hewa ya baridi hulala juu ya maji, yenye joto ikiwa juu yake, sauti ikapindwa kurudi chini, nayo husafiri mbali kana kwamba msemaji yuko nje ya hema lako. Nilijua wimbo mmoja ulipokwisha na mwingine ulipoanza. Kwenye dodoso hapakuwa na mahali pa kuliandika hilo.

Tangu siku hiyo nina jambo na watafiti wa misitu hii, na nalisema kwa heshima kwa sababu kazi yao naithamini. Anachokitafuta mpiga kafi kule kaskazini, kwa sehemu kubwa, ni kitu kisichokuwepo: injini haipo, mlango wa gari haugongwi, msumeno haulii. Kitu kisichokuwepo hakipigwi picha. Ukimwonyesha mtu picha ya miti ukamwambia achague, atachagua miti, na wewe utarudi ofisini ukiamini kwamba umeshajua anachotaka.

Neno kafi nalitumia makusudi. Kwetu pwani kasia ni la mashua, limefungwa ubavuni kwa kishwara, na mwenye kulipiga huipa mgongo safari. Kafi halifungwi. Unalishika kwa mikono miwili, unatazama mbele, na ukilitia majini vizuri halitoi sauti ila ya matone yakidondoka wakati wa kulirudisha. Mtu anayesafiri hivyo siku tano masikio yake hufunguka. Siku ya kwanza husikii lolote. Siku ya tatu unamsikia ndege aitwaye loon akilia ziwa la pili, unasikia maporomoko kabla hujayaona, unajua upepo umegeuka kwa jinsi misonobari inavyovuma.

Eneo lenyewe linaitwa Boundary Waters Canoe Area Wilderness, ndani ya Msitu wa Taifa wa Superior, mpakani na Kanada. Ni zaidi ya ekari milioni moja zenye maziwa zaidi ya 1,000, na limewekwa kambi zaidi ya 2,000, kila moja na wavu wa chuma wa kupikia na choo cha shimo. Kundi halizidi watu 9 na mitumbwi 4. Kati ya Mei na Septemba vibali vya kulala vina idadi yake kwa kila lango. Makopo na chupa za kioo za vyakula na vinywaji haviruhusiwi.

Baina ya ziwa na ziwa unaubeba mtumbwi begani. Wenyeji hutumia neno la Kifaransa, portage. Sisi tungesema upagazi, na nadhani neno letu linabeba uzito zaidi. Urefu wa njia hizo hupimwa kwa rodi, ambayo ni mita 5 na kidogo, karibu sawa na urefu wa mtumbwi. Kwa hiyo ukiambiwa upagazi wa rodi 100, pangilia mitumbwi 100 kichwa kwa mkia, kisha uipite yote na mmoja kichwani, ukirudi kuchukua mizigo. Hapo ndipo ningependa mtafiti asimame na ubao wake: mwisho wa upagazi, mtu ametua mtumbwi na jasho linamtoka. Gatini watu wameshaanza kufikiria kuoga na chakula cha moto, wanajibu kwa adabu tu.

Utafiti wa aina hii una historia ndefu hapa. Miaka ya 1960 na 1961 Robert Lucas, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani, aliwahoji wageni wa eneo hilihili. Aliwauliza kama wanajiona wako nyikani, na ni wapi walipohisi nyika imeanza. Majibu yaliachana. Kwa waliokuja na boti za injini nyika ilikuwa kubwa, hata penye barabara na watu wengi. Kwa wapiga kafi ilikuwa ndogo zaidi, imejificha ndani, na boti moja ya injini ilitosha kuifuta. Tena uchungu ulikuwa wa upande mmoja: wapiga kafi waliudhika na boti za injini, wakati wenye boti hawakuwa na neno na wapiga kafi, walikuwa sehemu ya mandhari yao.

Nauona ugunduzi huo kuwa mkubwa. Unatufundisha kwamba ukichukua watu wote ukatafuta wastani wa matakwa yao, umemdhulumu yule anayeumizwa na mwenzake asiyeumia. Mwaka 1964 ikaja Sheria ya Nyika, na mwaka 1978 sheria ya pekee ya Boundary Waters, iliyokomesha ukataji wa magogo na kubakiza injini kwenye takribani robo tu ya eneo la maji. Wapo Ely, mji wa karibu, ambao hadi leo wana uchungu na sheria ile, na wana sababu zao. Baba zao walivua kwa boti katika maziwa hayo.

Hata kabla ya Lucas, watu walikuwa wameshasema wanachokitaka, na walichokitaka kilikuwa kimya. Baada ya Vita vya Pili ndege zinazotua majini zilianza kuwaleta wavuvi kwenye nyumba za wageni katikati ya msitu. Desemba 1949 Rais Truman alisaini amri ya kuzuia ndege kuruka chini ya futi 4,000 kutoka usawa wa bahari juu ya eneo hilo. Amri ya anga, kwa ajili ya watu walio kwenye mtumbwi! Hakuna mti hata mmoja uliotajwa humo kuwa mzuri au mbaya.

Ng'ambo ya mpaka, katika jimbo la Ontario, Kanada, hali ni tofauti kwa sababu nje ya hifadhi magogo bado yanakatwa, na swali likawa: mpiga kafi anahitaji ukanda wa miti wa upana gani ukingoni ili asione palipokatwa? Miongozo ya mwaka 1988 ya kulinda makazi ya samaki ilitaka ukanda wa mita 30 hadi 90 kwa kufuata mteremko. Watafiti kama Len Hunt na Wolfgang Haider walitengeneza picha za kingo za maziwa zilizobadilishwa kwa kompyuta, wakawapa watu wazilinganishe. Wengine hutumia njia ya machaguo: safari hii ina samaki wengi na barabara karibu, ile ina samaki wachache na hakuna barabara, wewe ungekwenda ipi? Hii njia ya pili naipenda. Inamlazimisha mtu kuachia kitu ili apate kingine, kama sokoni, badala ya kusema anataka vyote.

Ila ukanda wa miti ni pazia. Nimepita penye pazia la namna hiyo huko Ontario, miti mizuri imejipanga mpaka majini, na nyuma yake mashine inanguruma tangu saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye picha ukingo ule ungepata alama za juu.

Kuna kasoro nyingine ya macho. Sote tukiulizwa tunataka msitu mzee wa kijani, na mimi nilikuwa hivyo. Safari yetu ilipita Lake Three na Lake Four, mahali palipoungua katika moto wa Pagami Creek mwaka 2011. Moto ule ulianzishwa na radi mwezi Agosti, ukafuka wiki kadhaa, kisha Septemba upepo ukaubeba hadi ukala kama ekari 93,000. Nilitazamia makaburi. Tulikuta misonobari michanga aina ya jack imesongamana, imetuzidi kimo, na vigogo vyeusi vimesimama katikati yake. Mbegu za mti huo hufungiwa ndani ya koni iliyozibwa kwa utomvu, na joto la moto ndilo huufungua. Shemeji aliokota moja iliyofunguka, akaigeuza kiganjani muda mrefu. Miron Heinselman, aliyechora historia ya moto ya msitu huu na kuichapisha mwaka 1973, alionyesha kwamba ile misonobari mirefu tunayoisifu nayo ilizaliwa na moto wa zamani. Kwa hiyo mtafiti akituuliza tunapenda nini, atuulize pia baada ya kutueleza, kwa maana matakwa ya mtu hukua akijua.

Shemeji ndiye aliyeuliza swali ambalo sijaliona kwenye dodoso lolote nililowahi kujaza. Tulikuwa tunakunywa chai. "Shemeji," akaniambia, "wenye nchi hii wako wapi?"

Wapo. Ni Waojibwe, waliotengeneza mitumbwi ya magome ya mti wa birch, na hizo njia za upagazi tunazozikanyaga ni zao. Mkataba wa 1854 ulichukua ardhi lakini uliwaachia haki ya kuwinda, kuvua na kukusanya, na mpaka leo wanavuna manoomin, mpunga wa majini, mmoja akisukuma mtumbwi na mwingine akiyainamisha mashuke kwa kijiti na kuyapiga kwa kingine, punje zikianguka miguuni. Upande wa Kanada, ndani ya Hifadhi ya Quetico, Ontario ilifuta mwaka 1915 eneo lililokuwa limetengwa kwa ajili yao, likiitwa 24C, na serikali ikaomba radhi mwaka 1991. Zaidi mashariki, Temagami, mtandao wa njia za maji na upagazi una jina lake la kale, nastawgan. Msomaji wa Tanzania anayekumbuka Wamaasai walivyotolewa Serengeti mwaka 1959 hahitaji kufafanuliwa zaidi. Ukiuliza mpiga kafi kama anataka nyika isiyo na watu atasema ndiyo, nami ningesema ndiyo, na sote tungekuwa tumesahau nani aliifyeka njia tuliyopitia.

Kuna watu wengine wasioulizwa. Jirani yangu wa Duluth, mzee wa miaka sabini na kitu, alikwenda Boundary Waters kila Julai tangu ujana wake. Kisha akaacha. Haukuwa ugonjwa, alichoka kufika kambini saa nane mchana akikuta pamekaliwa, akapiga kafi ziwa la mbele, napo pamekaliwa. Sasa huenda siku tatu tu mwishoni mwa Septemba, baridi imeshaanza, au asiende. Watafiti huwapata watu gatini majira ya joto, au kwenye orodha za vibali, na wanaohojiwa husema kwa wingi kwamba wameridhika. Wasioridhika wako nyumbani.

Mtumbwi wake unaning'inia gerejini kwa kamba mbili, umefutwa vumbi. Nilimuuliza kama kuna aliyewahi kumtumia dodoso. Akasema la mwisho alilijaza kabla bintiye hajaolewa. Bintiye sasa ana watoto wawili, na mkubwa ameanza kuuliza babu atampeleka lini.